Shangazi wa Safari: Business class ya treni, hiyo elfu 30 ya juu inanunua nini?

Wiki hii barua nyingi zinauliza kitu kilekile kwa mdomo tofauti: nikipanda treni niongeze hela nikae daraja la juu, au nipoteze? Nimechagua chache. Kwa wale wageni wa hii reli ya umeme (SGR), bei ninazozitumia hapa chini za Dodoma Dar ni zile zilizotangazwa mwaka 2024 safari zilipoanza, yani treni ya kawaida 31,000, express daraja la kawaida (economy) 40,000, business 70,000 na royal 120,000. Ukikuta zimebadilika we badilisha namba, hesabu yenyewe inabaki ileile.

Shikamoo shangazi. Mimi ni mtumishi, nimehamishiwa Dodoma familia imebaki Dar, mke wangu anafanya kazi kule na watoto wako shule. Kila baada ya wiki mbili natoka ijumaa jioni narudi jumapili. Nilianza na economy, sasa miezi kama mitano nakaa business. Mke wangu kaona tiketi kwenye simu kakasirika, anasema hiyo hela ni ya ada. Mimi naona nimechoka wiki nzima nastahili kupumzika, na kusema ukweli sijisikii vizuri kukaa economy nikakutana na vijana ninaowasimamia ofisini. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Kisasa

Marahaba mwanangu. Mke yuko sahihi, ila sio kwa asilimia mia, ngoja nikueleze.

Tuanze na hesabu maana nahisi hujawahi kuipiga. Kutoka express ya kawaida mpaka business ni elfu 30. Safari zako ni mara 4 kwa mwezi, kwenda kurudi kwenda kurudi, hiyo ni 120,000 kila mwezi juu ya nauli yenyewe, kwa mwaka 1,440,000. Sasa ile safari ni kama masaa matatu na nusu. Gawanya elfu 30 kwa masaa matatu na nusu unapata zaidi ya elfu 8 kwa kila saa, unalipa elfu 8 kwa saa ili kiti kiwe kipana zaidi. Kwa mtu anayesafiri mara moja kwa mwaka hiyo sio hela ya kugombana, lakini we unasafiri mara 48.

Kitu ambacho watu hawakitenganishi kwenye hii treni ni kwamba kuna hela inayonunua muda na kuna hela inayonunua kiti. Ukitoka treni ya kawaida ya 31,000 ukaenda express ya 40,000 umeongeza elfu 9 na umenunua muda, treni inaruka vituo vidogo, unafika mapema watoto hawajalala. Hiyo elfu 9 mimi naitoa bila kufikiria. Ukitoka express ya kawaida ukaenda business hujanunua hata dakika moja, ni treni ileile, reli ileile, aliyekaa behewa la economy na aliyekaa business wanashuka Dar saa ileile. Umenunua nafasi ya miguu na utulivu, basi. Ni vitu vizuri sivibezi, nimevikalia, lakini lazima ujue ndo ulichonunua.

Na kumbuka hii economy unayoikimbia sio ile tuliyokua nayo. Ina AC, kila mtu ana kiti chake chenye namba, hakuna mtu anakusimamia kichwani na tenga la kuku. Kabla ya july 2024, treni za umeme zilipoanza kufika Dodoma, we ungekua kwenye basi masaa nane, ushuke Mbezi kwenye stendi ya Magufuli halafu uanze safari nyingine ya kuingia mjini. Leo unashuka katikati ya jiji. Huo ndo ubora mkubwa na umeshalipiwa ndani ya 40,000, business inaongeza kidogo sana juu ya hapo.

Sasa hili la vijana wa ofisini. Mwanangu hilo nakuomba uliache kabisa. Wale vijana wakikukuta economy hawatasema bosi kafulia, watasema kumbe hata yeye ana familia na majukumu. Wengine watakuja kukusalimia mtaongea vitu ambavyo ofisini hawathubutu kusema. Ukilipa elfu 30 ili usionekane, hiyo sio nauli tena.

Niliposema mke hayuko sahihi asilimia mia ni hapa. Kuna jumapili ambazo jumatatu yake una kazi ngumu, una ripoti unaimalizia kwenye laptop, hujalala kwa sababu mtoto alikua na homa. Siku hiyo kata business na mwambie kabla sio baada, mwambie kwamba mama fulani leo nakata ya 70,000 kwa sababu hii. Naamini kilichomuuma sana sio hela, ni kuikuta kwenye simu. Kubalianeni labda mara moja kwa mwezi, ya jumapili. Ijumaa ukiwa unaenda nyumbani hauna shida ya kiti, mtu anayeenda kuona watoto wake hata akikaa kwenye ndoo anafika.

Na uwahi kukata, hasa bunge la bajeti likianza aprili mpaka juni, hapo utajikuta unanunua business sio kwa kupenda ila kwa sababu economy imejaa. Wengi wanaolalamika kwamba treni ni ghali ukiwachunguza wanakata tiketi siku ya safari.

Dada habari za kazi. Nampeleka mama yangu kliniki ya mifupa Dar, ana miaka 74, magoti yote mawili. Kwa basi alikua anafika amevimba miguu. Ndugu tumechanga tumepata nauli ya economy watu wawili, kuna mdogo wangu anasema tuongeze mama akae business mimi nikae kawaida ili kupunguza gharama. Inasaidia kweli au ni ufahari? – Binti wa Nkuhungu

Salama dada, pole na kuuguza. Kwa mama huyu inasaidia, hapa sina ubishi hata kidogo. Goti bovu linataka kitu kimoja, kubadilisha mkao. Kwenye kiti chenye nafasi atanyoosha mguu, atakunja, atanyoosha tena, kwenye kiti cha kawaida akiwa na jirani na mizigo anakaa amekunja njia nzima na mzee wa kwetu hawezi kumwambia mtu baki naomba usogee, atavumilia tu mpaka Pugu.

Lakini wazo la mdogo wako la kuwatenganisha likatae. Mama yuko behewa hili we uko lile, akitaka kwenda chooni nani anamshika? Treni inakimbia mpaka kilomita 160 kwa saa, haiyumbi sana lakini mtu wa magoti akisimama peke yake anaogopa, na akiogopa hanywi maji, asiponywa maji ndo anafika kachoka zaidi. Bora mkae wote economy pamoja kuliko yeye business peke yake.

Kama hela inatosha business upande mmoja tu kwa wote wawili, wengi watakwambia mlipie wa kwenda ili afike hospitali hajachoka. Mimi nasema lipieni wa kurudi. Kwenda mama ana nguvu zake na ana matumaini, kurudi ameshachomwa sindano, ameshasukumwa kwenye foleni za vipimo siku mbili tatu, goti limeguswa na kila daktari. Nilimrudisha mama yangu mzazi hivyohivyo, ilikua kwa basi, na ile basi niliongeza hela nikaambiwa ni VIP, AC ikafa tulipofika Gairo, tukamalizia kwa madirisha yasiyofunguka. Mama hakusema neno njia nzima. Mpaka leo ukinambia neno VIP namkumbuka vile alivyokua amefumba macho. Kwahiyo nikisema wa kurudi najua ninachosema.

Vingine vya haraka. Omba kiti cha pembeni mwa njia sio dirishani. Fikeni stesheni mapema mno maana kuna ukaguzi wa mizigo na kutembea kwa ndani, na kitambulisho cha mama msikisahau. Na tengeni hela ya gari ya kuwatoa stesheni ya Mkonze mkirudi, kule ni mbali na Nkuhungu na mama wa magoti haumpandishi boda. Kama inabidi kuchagua kati ya business na taxi ya kuwafikisha mlangoni, chagueni taxi.

Shangazi mambo, mi ni mwanachuo UDOM, nataka nimsafirishe mpenzi wangu business mara moja nimsapraizi tukienda kwao Dar kutambulishwa. Boom limeingia. Unaonaje? – Kijana wa Ng'ong'ona

Poa mwanangu. Tiketi mbili za treni ya kawaida ni 62,000. Tiketi moja ya business ni 70,000. Yani kiti kimoja cha business kinawazidi nyie wawili mkiwa mmekaa bega kwa bega. Nendeni na ya kawaida, inayobaki nunua zabibu na karanga za Dodoma zijae kwenye kikapu umpelekee mama mkwe mtarajiwa, kule hakuna atakayekuuliza ulikaa behewa gani ila kikapu kitaulizwa.

Dada naomba ufafanuzi. Nyie mnaongelea SGR tu, sisi tunaoenda Tabora na Kigoma bado tunapanda ile ya zamani. Mimi nafanya biashara ya dagaa na mawese, nimezoea daraja la tatu. Mgongo sasa umeanza kugoma. Kulala daraja la kwanza ni lazima au la pili linatosha? – Mama wa Chang'ombe, Dodoma

Dada yangu asante kwa kutukumbusha, na hapa jibu langu linageuka kabisa. Huko juu nimesema kiti kipana sio lazima. Kitanda ni habari nyingine.

Mimi ni mtoto wa reli, marehemu baba alikua fundi wa njia hapahapa Dodoma. Hii reli ya kati Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma mwaka 1914, na mpaka leo ndo inabeba watu wa huko kwetu. Wakati wa ukoloni daraja la kwanza lilikua la wazungu, wahindi la pili, waafrika la tatu, baba alikua anatuhadithia kwamba babu alijenga njia ambayo hakuruhusiwa kuisafiria kwenye kiti chenye mto. Nilipokua mdogo tulienda Tabora daraja la tatu, mama alitandika kanga chini ya kiti tukalala watoto watatu, yeye alikaa macho mpaka asubuhi anashikilia mzigo. Nilivyopata mshahara wangu wa kwanza nilimkatia chumba cha kulala. Alipoingia akakaa kwenye kitanda akakibonyeza kwa mkono, akasema kumbe humu ndani kuko hivi. Hilo neno silisahau.

Kwahiyo kwa safari ya usiku, lala. Kutoka Dodoma mpaka Kigoma unapita usiku, unapita mchana, na mwili wa mfanyabiashara ndo mtaji wenyewe. Ukifika Kigoma na mgongo umekaza hutaweza kuinama kukagua dagaa, utauziwa mchanga. Kitanda kinarudisha hela yake sokoni siku ileile.

Ila sio lazima la kwanza. La pili kulala ni chumba cha vitanda 6, la kwanza ni vitanda 2, na sio kila treni ina hilo la kwanza. Godoro halitofautiani kiasi cha kukufanya ulipe zaidi, kinachotofautiana ni idadi ya watu na nani unalala naye. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake na hela ya mtaji mimi napenda la pili. Vyumba vinatenganisha wanawake na wanaume, mkiwa wanawake sita mnalindiana mizigo, mmoja akienda kununua chakula watano wapo. Kwenye chumba cha wawili ukikutana na mtu usiyemwelewa mpo wawili tu mpaka asubuhi. Kama unasafiri na mumeo ni kinyume chake, hapo chukueni la kwanza au mlipie chumba kizima, la sivyo mtatenganishwa.

Omba kitanda cha chini kwa ajili ya mgongo. Cha juu kabisa kina joto na kupanda ngazi usiku treni ikitikisika sio kwa umri wetu. Beba shuka lako, beba kufuli dogo, na acha nafasi tumboni, Saranda wanauza kuku bado.

Shikamoo. Kaka yangu yuko Uingereza anasema kule first class ya treni ukiwahi kununua mtandaoni unaweza kuipata kwa bei ya karibu na ya kawaida, anashangaa kwa nini sisi tusisubiri bei ishuke. Huku kwetu inashuka lini? – Msomaji, Singida mjini

Marahaba. Huku haishuki. Kule kampuni zinapandisha na kushusha bei kulingana na watu walivyonunua, ndo maana kaka yako anaotea. Huku nauli ya treni inapitishwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, ni bei moja ukate leo au ukate kesho kutwa, cha kuwahi ni nafasi sio punguzo. Punguzo lililopo ni la watoto, chini ya miaka 4 hawalipi na wa miaka 4 mpaka 12 wanalipa nusu. Kwahiyo ushauri wa watu wa Ulaya kuhusu first class usiuchukue mzimamzima, wao wanaongelea kuokota, sisi tunaongelea kununua. Na mwambie kaka yako kule daraja la tatu lilikuwepo pia, walikuja kulifuta mwaka 1956.

Mwanangu habari. Mimi ni mzee wa Bahi, mke wangu na mimi tunatimiza miaka 40 ya ndoa. Hajawahi kupanda treni hii ya umeme, huwa anaiangalia tu ikifanyiwa majaribio kupita hapa kwetu. Nimeuza mbuzi nataka nimpandishe ile royal mpaka Dar tukamsalimie binti yetu. Watoto wananicheka wanasema ni laki mbili na nusu inapotea. – Mzee wa Bahi

Shikamoo baba. Hongereni sana, wewe na mama.

Haipotei. Yule kijana wa juu anayesafiri mara 48 kwa mwaka nimemkatalia business, wewe unayesafiri mara moja ndani ya miaka 40 nakwambia kata royal na usimuombe mtu ruhusa. Ni 240,000 kwa wawili kwenda. Watoto wanaona nauli kwa sababu wao wanataka kufika Dar, nyie hamuendi kufika, mnaenda kukaa pamoja kwenye kitu kizuri ambacho mama amekitazama kwa nje muda mrefu, na hapo kiti ndo safari yenyewe.

Ushauri wangu tu ni kwamba msilipe royal pande zote mbili, hiyo inakua 480,000 na mara ya pili haina utamu wa mara ya kwanza. Nendeni na royal, rudini na express ya kawaida elfu 80 kwa wote wawili, jumla 320,000. Ile 160,000 iliyobaki mtaihitaji Dar, wajukuu hawapokei babu mtupu.

Njooni Dodoma siku moja kabla mlale kwa ndugu, kwa sababu treni ya abiria inaanzia Mkonze na ukitoka Bahi asubuhi kwa gari ukachelewa hiyo 240,000 ndo itapotea kweli. Kata ya mchana baba, usikate ya jioni hata kama ina nafasi, maana giza likiingia royal na economy zote zinaangalia kioo cheusi. Mweke mama dirishani upande wa kulia mkiwa mnaelekea Dar, mkikaribia Morogoro milima ya Uluguru iko upande huo. Kabla ya hapo kuna mabonde ya Kidete na Kilosa, njia inapita kwenye madaraja na mahandaki, ndo kipande kizuri kuliko vyote. Kile kiti kinaleta usingizi sana, kwahiyo mama akiwa amesinzia mkifika Kidete mwamshe.